Kilichobaki Mnadani

Anaeli mwanangu,

Umekwenda Njiro kumuaga shangazi yako, na mimi wifi yangu namjua, hatakuachia mpaka umekula mara mbili na kusikiliza habari zote za ukuta wake mpya. Kwa hiyo jioni nzima ni yangu. Mvua imeanza, ng'ombe nimeshamkamua, na mlima tangu asubuhi umejifunika gubigubi kama mgonjwa wa homa. Nimekaa hapa jikoni kwenye kigoda cha baba yako, naandika juu ya mfuniko wa ndoo kwa sababu meza yote umeijaza mizigo.

Habari za chandarua, sijui maji ya kuchemsha, sijui usimwamini kila mtu stendi, hizo siziandiki. Umeshaambiwa na mlima mzima. Isitoshe wewe sasa ni bibi shamba, umeajiriwa na serikali ukawafundishe watu wa Newala kulima korosho. Korosho! Mtoto aliyekulia kwenye kahawa! Mungu awasaidie wakulima wa Newala.

Ninachotaka kuandika ni habari ya Jumapili.

Tangu Jumapili tunaongea kama wapangaji. "Chumvi iko wapi?" "Hiyo hapo." "Umefunga geti?" "Nimefunga." Kesho alfajiri basi linaondoka, na sitaki uondoke ukiwa umebeba yale niliyokutupia pale njiani tulipotoka kanisani: "Basi nenda, ukaishi kama mtu asiye na Mungu, tuone utafika wapi." Hayo ni maneno ya mama? Niliyasikia mwenyewe yakitoka na sikuyazuia. Nisamehe, Ana. Nimeliweka hili mwanzoni ili usome yanayofuata bila kisirani, au basi na kisirani kidogo tu, maana nakujua umemrithi nani.

Na wewe uliniambia, "Mama, usiniambie tena Mungu amesema. Uliniambia amesema baba atapona." Ukaongeza kwamba huko uendako hutafuti kanisa, umechoka kuombewa. Nilichukia vile kwa sababu lile la kwanza ni kweli tupu, na sikuwa na jibu. Leo ninalo, ila ni refu, linaanzia mbali. Vumilia.

Nilipoletwa hapa nikiwa bibi arusi nilitoka Kisongo, tambarare, kwenye vumbi na upepo na ng'ombe wa baba yangu. Hapa nikakuta migomba mpaka mlangoni, matope, baridi ya kuingia kwenye mifupa, na watu wanaoongea Kimeru haraka haraka nikadhani kila saa kuna ugomvi. Usidhani nilikuja nikiimba tenzi. Nilikuwa naingia zizini, naegemea ubavu wa ng'ombe, namwambia Mungu kwa Kimaa kwamba safari hii amenipeleka siko. Mkwe wangu, yaani bibi yako uliyepewa jina lake, alikuwa anasikia kilio na anajifanya kukohoa.

Jumapili yangu ya kwanza hapa nikaona wanawake wanabeba sadaka za mazao. Nawe umekua na mnada wa kanisani, kwako ni jambo la kawaida: huyu ameleta mkungu wa ndizi, yule mayai, yule kabichi, ibada ikiisha vyote vinanadiwa pale nje na pesa inakuwa sadaka. Nami nikasema sikubali kwenda mikono mitupu. Nikapeleka maziwa kwenye kibuyu, kibuyu nimekisafisha kwa moshi kama yeyo, mama yangu, alivyonifundisha. Kwetu maziwa yasiyonukia moshi ni maziwa ya mwanamke mvivu.

Mzee aliyekuwa ananadi akafungua kifuniko, akanusa, akasema, "Jamani, haya maziwa yameungua?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini mimi nilikuwa nimesimama pale na kitenge changu kipya. Mikungu ikaenda, mayai yakaenda, hata mafungu ya mchicha yakaenda. Kibuyu kikabaki. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Ndipo kijana mmoja mwembamba akanyoosha mkono, na ni nani kama si mume wangu! Akanunua maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, yaliyokamuliwa na mke wake mwenyewe. Akayanywa palepale mbele za watu mpaka akaota masharubu meupe, akawaambia, "Nyie endeleeni na maji ya mfereji."

Njiani nikamwuliza kwa nini ametutia hasara ya kununua kitu chetu. Akajibu, "Aliyekileta alikuwa anatuangalia."

Hapo ndipo ilipoanzia ile tabia yake uliyoilalamikia utoto wako wote. Alipofanywa mzee wa kanisa na kupewa kazi ya kunadi, kila kilichokosa mnunuzi mwishoni kilikuwa chake. Unakumbuka ile chupa ya asali iliyojaa nyuki waliokufa? Na jogoo wa jicho moja aliyekuwa akiwika saa nane mchana? Wewe siku moja ulimwuliza, "Baba, kwani nyumba yetu ni jalala la kanisa?" Alicheka mpaka akapaliwa na chai. Na alivyokuwa akinadi sasa! "Kabichi hii ukiila, hata mahubiri marefu unayavumilia, mchungaji anisamehe." Watu walikuwa wanakaa kwenye mvua kumsikiliza. Nilikuwa naona haya, na nilikuwa naringa, vyote pamoja.

Kisha akaugua.

Haya unayajua, lakini uliyajulia kwenye simu, na kwenye simu mimi ndiye niliyekuwa nachagua nikuambie nini. Kila siku nilikuwa nateremka mlima na chupa ya mtori wa ndizi mpaka hospitali mjini, na kila siku mtori unarudi. Wewe ulikuwa Morogoro na mitihani ya mwisho. Asubuhi moja jumuiya walikuja kusali hapa nyumbani, na mimi nikasimama katikati yao nikasema, "Mungu amenihakikishia, baba Ana atapona." Hakuna aliyenihakikishia, mwanangu. Nilikuwa nimeota ndoto baba yako anapalilia kahawa, basi. Lakini akina mama wakaitikia haleluya, mmoja akalia kwa furaha, na neno likishaitikiwa hivyo huwezi kulirudisha mdomoni. Nikakupigia: usije, maliza mitihani, atapona, Mungu amesema.

Sikukusudia kukudanganya. Niliogopa. Kukaa na Mungu bila kujua atafanya nini kulinishinda, nikaona afadhali nimjibie mwenyewe.

Sasa liko moja sijawahi kukuambia. Si kwamba nilikuficha, ulimi ulikuwa unakataa. Baba yako alikuwa akikuita Mama kwa sababu ya jina la mama yake, na siku hiyo akaniuliza, "Mama anakuja lini?" Nikamwambia, "Atakuja ukishapona. Mungu amesema utapona." Akaniangalia kwa yale macho yake ya mnadani, akasema polepole, "Mama Ana, unanadi kitu ambacho hakijaletwa."

Weee! Nilichukia. Nikamwambia ana imani haba. Mgonjwa yuko kitandani, mbavu zinahesabika, na mimi namgombeza habari ya imani! Akanishika mkono. Akasema, "Mimi namwamini. Akiniponya namwamini, asiponiponya namwamini. Wewe mpigie Mama, mwambie aje."

Sikukupigia. Nilidhani nikikuita nitakuwa nimemkana Mungu, kwamba akikuona umetokea mlangoni na begi atasema, huyu mama kumbe haniamini. Ndivyo nilivyofikiri, mimi, mtu mzima, mwimbaji wa sauti ya pili miaka yote hiyo. Nikangoja. Na baba yako akaondoka, na wewe ukaja ukakuta watu wanafunga turubai uani.

Kwa hiyo sikiliza, Ana, na hili ndilo jibu nililokosa Jumapili. Mungu hakusema baba atapona. Niliyesema ni mimi. Muda wote huu umekuwa ukimkasirikia Yeye kwa ahadi niliyoitoa mimi. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, niko hapa, na ngozi yangu ni ngumu. Lakini kwamba hukumuaga baba yako, hilo ni langu. Naliomba msamaha kila nikipita kaburini pale nyuma ya migomba, na leo nakuomba wewe.

Utaniuliza, basi mbona mimi niliendelea kwenda kanisani? Sikuendelea. Hukuwepo, ulikuwa umerudi kumalizia chuo, na mimi nikawaambia ndugu wasikusumbue na habari zangu. Jumapili ya kwanza baada ya msiba nilipeleka mkungu kama kawaida. Mtu akaununua, akasema, "Arudishiwe mama Ana." Ni desturi njema, wajane wote wanafanyiwa hivyo. Lakini mimi nilihisi kama wamenivua nguo. Nikaubeba mkungu mpaka nyumbani, mkungu mzima wa ndizi nzuri, nikamkatia ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe akaniangalia kama ananiuliza, mama, una akili timamu?

Nikaacha kwenda. Jumuiya wakigonga nilikuwa nainama nyuma ya kabati, mtu wa mwili wangu huu. Kusali nikajaribu, ikawa kila nikifungua mdomo naisikia ile sauti yangu ikisema Mungu amenihakikishia, nanyamaza kwa aibu. Nilikuwa sijaacha kuamini kwamba Yupo. Nilikuwa siwezi kumtazama.

Kilichonirudisha ni kengele. Ile kengele ndogo ya ng'ombe ambayo baba yako alikuwa akiigonga kuanza mnada ilikuwa bado iko hapa msumarini, na Mzee Nderingo, aliyeachiwa kazi ya kunadi, alikuwa anapiga makofi tu kama anafukuza kunguru. Nikasema nitaipeleka, nitaikabidhi, nitaondoka. Nikafika mnada unaishia. Limebaki boga moja, limebonyea upande kama limekaliwa. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mzee Nderingo akageuza shingo kuangalia pale alipokuwa akisimama baba yako. Watu wote wakageuka, bila kukusudia, wakaangalia mahali patupu. Mzee akasema, "Jamani, mwenye hili hayupo."

Nikanyoosha mkono. Sijui nani aliunyoosha.

Nikalipika jioni ile. Mwanangu, boga lile lilikuwa maji matupu, halina ladha hata ya dawa. Nikacheka peke yangu hapa jikoni, nikasema baba Ana, umeniachia urithi gani huu, kisha kicheko kikageuka kilio, na katikati ya kilio nikajikuta nasali. Sikusema asante. Sikusema mapenzi yako yatimizwe. Nilisema, "Nimekukasirikia. Nilisema uongo kwa jina lako na nimekukasirikia vilevile." Nikangoja nione kama paa litaniangukia. Halikuanguka. Na nikakumbuka maneno ya baba yako, kwamba aliyeleta anaangalia. Nami nilikuwa nimeleta hicho nilichokuwa nacho, kimebonyea, hakina ladha, na sikurudishwa nacho. Tangu siku ile naweza kusali. Si kwa ufasaha. Kwenye jumuiya nikiambiwa niombe naomba kwa ufupi mpaka wengine wanafumbua macho kuangalia kama nimezimia.

Sijui kwa nini hakumponya. Nimeacha kutafuta watu wa kunieleza. Najua tu kwamba Bwana Yesu naye usiku ule aliomba kikombe kimwondokee, na hakikumwondokea, na bado alimwita Baba. Hapo ndipo ninaposhika. Ni padogo, lakini panatosha mikono miwili.

Sasa turudi Jumapili.

Ulikuja kanisani ili nisinung'unike, nilikuona. Umekaa benchi la mwisho, na walipotaja wanaosafiri ili waje mbele waombewe, ukatoka nje na simu sikioni, simu ambayo haikuita. Mnadani ukasimama kule getini. Mwishoni akabaki yule kuku mwekundu, mguu umepinda, shingo haina manyoya. Watu wanacheka, mmoja anasema huyo mchuzi wake utamwomba mlaji msamaha. Mimi nilikuwa namtafuta aliyemleta, nikamwona: yule bibi wa kule juu karibu na msitu, aliyeshuka na fimbo yake kwenye utelezi wote ule, ameegemea ukuta anaangalia chini. Mkono wangu ulikuwa njiani kunyanyuka. Ndipo sauti ikatoka getini, "Mimi namchukua!"

Ana, ilikuwa sauti ya baba yako kabisa, ila nyembamba.

Watu wakageuka. Yule bibi akainua uso, akajifunga kitenge chake vizuri. Wewe ukapita katikati ya watu umenuna, kama unakwenda kugombana na mtu, ukampakata kuku kwenye gauni lako jeupe, na ukasimama mbele ya yule bibi ukasema, "Shikamoo bibi, anakula nini huyu?" Akakueleza. Ukamsikiliza mpaka mwisho, na bibi yule anajua kueleza.

Na mimi mama yako, badala ya kunyamaza, tulipofika tu kwenye kona ya mfereji nikaanza: "Umeona? Umeona? Mungu amesema nawe leo!"

Ukanijibu, "Mama. Nimenunua kuku."

Ulikuwa sahihi. Ulinunua kuku. Na mimi, baada ya yote yaliyonipata, kosa lilelile, mdomo uleule! Sikuona mtoto wangu, niliona ushuhuda wa kupeleka jumuiya. Ndipo yakafuata yale yaliyofuata.

Niliyopaswa kusema pale kwenye kona ni machache: nimekuona, mwanangu. Yule bibi alikuwa anaangalia, na wewe ulimwona.

Basi. Kuku alikuwa na maana gani, sisemi. Sikusemei wewe, na Mungu simsemei tena. Nakuomba kimoja tu, na ukikataa nitakupenda vilevile: usimnunie. Wewe ukinuna unaweza kumaliza mwezi, nimeishi nawe nyumba moja. Mgombeze. Mwambie baba yangu alikwenda sikumuaga, mwambie mama yangu ana mdomo, mwambie Newala kuna joto na hakuna mtu anayejua kupika loshoro, mahindi na maziwa ya mgando ya kwetu. Mwambie ukiwa shambani kwa watu, mwambie ukiwa umelala chali unatazama chandarua. Habari ya kanisa, wewe mwenyewe utaona. Nikikuuliza kwenye simu kama umekwenda, sema mtandao mbaya, kata. Nitaelewa.

Mimi nitakuwa hapa. Nyumba itakuwa kimya, sitadanganya kwamba siogopi. Naogopa hasa saa ya jioni. Lakini niliogopa migomba hii nilipotoka Kisongo, na nimezeeka nayo. Niliogopa nyumba bila baba yako, na bado chai inachemka. Kila mara nilidhani nimefika mahali ambapo Mungu hapajui, na kila mara nilikuta ametangulia, ananingoja nimalize kulia.

Nasikia mbwa, nadhani ni wewe. Barua naiweka kwenye begi la nguo, chini ya ile sweta ambayo umesema huko hutaihitaji.

Kuku wako yuko bandani. Ukirudi likizo huenda utamkuta, huenda hutamkuta, vicheche wapo na mguu wake ni ule. Sikuahidi kwamba ataishi. Nakuahidi kilicho changu tu: kila jioni nitamfungia mlango, na nikishafunga nitasimama palepale kwenye matope, nimtajie Mungu jina lako. Atakachojibu, atakuambia mwenyewe.

Mama